Sanduku Linalokula Umeme Wetu

4 Februari

Mwanangu Fundi,

Salamu nyingi. Marahaba hata kabla hujaniamkia, maana nakujua, utaanza na shikamoo ndefu ili karatasi ijae. Mimi sijambo isipokuwa nyonga, ambayo tangu nilipoanguka bafuni inajiamulia mambo yake. Kutoka kwenye cherehani mpaka mlangoni naenda kwa fimbo. Zaidi ya hapo ni safari ya kuaga watu. Paka amezaa tena ndani ya kapu la vitambaa, na safari hii amechagua satini ya bibi harusi wa watu. Nimeifua mara mbili na sijasema kitu.

Utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu mwenye simu ya mezani. Nimechoka kukupigia. Ukipokea unasema "nitaangalia, shangazi," halafu nakusikia unaongea na mtu mwingine huko huko, halafu tunagombana, halafu mmoja wetu anakata. Karatasi haina pa kukatia. Utakaa usome mpaka mwisho.

Jambo lenyewe ni Chiriku. Tangu aende kufanya kazi nchi ya watu tunaonana kwa picha ya simu, na sasa picha yake imeanza kukwama. Anaanza kunieleza habari za kazini, mikono inapaa, mara inaganda hewani, na ikianza tena ameshafika mwisho wa hadithi na anacheka, nami sijui anacheka nini. Unajua kwamba mimi na mwanangu hatuna njia nyingine. Sauti hasikii tangu kuzaliwa. Kusoma, ile shule ilimrudisha nyumbani kabla hajamaliza herufi, kwa hiyo ni jina lake na namba, basi. Yale maneno ya mikono tuliyoyatunga jikoni kwangu, mimi na yeye, na wewe ukiwa mtoto wa humu humu ndani, hakuna mtu mwingine chini ya jua anayeyajua. Akitaka kusema na mama yake lazima anione, nami nimwone. Na simu ya mkononi huku kwetu bondeni haishiki hata siku ya heri. Bila mtandao wa nyumbani, yangu ni ya kutazama saa tu.

Naambiwa chanzo ni lile sanduku la mtandao lililo juu ya nguzo, ambalo wewe na kampuni yako mlituletea kwa maneno matamu. Mlisema kila nyumba itoe umeme kidogo, tulilishe sote. Sasa Kinyozi amechomoa kidude chake cha kulilishia. Anasema yeye si mchungaji wa mifugo ya kampuni, na mtandao anaupata bure dirishani kwa jirani. Mwalimu mstaafu naye amechomoa kwa sababu Kinyozi amechomoa. Nieleze kwa lugha ya mtu aliyeishia kupima viuno: tufanye nini?

Ni mimi shangazi yako

26 Februari

Shikamoo Shangazi,

Shikamoo tena, ya pili ni ya nyonga. Huku sote wazima. Mkwe wako anakusalimu. Mjukuu wako ameota meno mawili na ameshamng'ata mtoto wa jirani, kwa hiyo wiki hii hatusalimiani na jirani. Bibi harusi asije akajua habari za paka, tafadhali.

Haya, somo. Kutoka ofisini kwetu mpaka juu ya nguzo yenu kuna waya wa kioo unaopitisha mwanga. Huo unaleta mtandao, lakini hauleti umeme wa kuendesha sanduku. Kutoka nguzoni kuja kwenye nyumba zenu ni zile nyaya za simu za shaba, za tangu enzi za babu. Nguzoni hakuna mita ya umeme, na kuiweka ni kibali juu ya kibali. Ndiyo maana tuligeuza mambo. Kile kidude kilichochomekwa kwenye soketi karibu na cherehani yako kinachukua umeme mdogo wa nyumbani, kinaupandisha kinyumenyume kwenye waya wa simu mpaka juu kwenye sanduku. Sanduku linakula kwenu, halafu linawarudishia mtandao kwa waya huo huo. Kila nyumba ikitoa kidogo, hakuna anayesikia uchungu.

Shida inakuja watu wakichomoa. Mzigo unabaki kwa waliobaki. Kwenye makaratasi yetu hata nyumba moja inatosha kulibeba sanduku zima, lakini umeme unachoka njiani, na nyumba yako ndiyo ya mwisho mtaani. Wewe ukilisha kutoka mbali na Kinyozi aliye chini ya nguzo amechomoa, sanduku linashinda na njaa. Likishinda na njaa, picha ya Chiriku inakwama.

Dawa ni majirani. Waombe kwa upole. Najua neno hilo hatujalizoea katika ukoo wetu, lakini jaribu. Nami nitaangalia kwenye skrini ya ofisini.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba zote mbili. Barua yako ilikaa posta mpaka ikaota mvi. Mtoto anayeng'ata ni wetu kabisa, usimpige. Satini ilivaliwa, ikapigwa picha, na hakuna aliyenusa kitu.

Upole nimejaribu kwa siku nzima ukanishinda. Kisha nikakumbuka kwamba mtaa huu wote unavaa kwa mkono wangu. Suti ya Mwalimu ilikuwa imekwisha, inangoja vifungo. Alipokuja nikamwambia: "Mwalimu, nguo haitoki mpaka kidude kichomekwe." Akacheka. Mimi sikucheka. Akaondoka, akarudi, akasema amechomeka. Nikamwambia vifungo ni kesho, nikihakikisha. Kinyozi hakuwa na nguo kwangu, lakini mkewe alikuwa na magauni mawili, na mkewe ndiye kidude chenyewe. Sasa nyumba zote nane zinalisha, na hakuna anayenipenda.

Hata hivyo nilisema nisiwaachie majirani tu. Chiriku akikaribia kupiga nazima jokofu. Pasi naichomoa. Redio naichomoa. Na taa ya sebuleni naizima kabisa, ili umeme wote wa nyumba upande juu kwenye sanduku pasiwe na cha kuuzuia. Nakaa gizani kama mwizi, nikimulikwa na kioo cha simu.

Picha haikwami tena, ni kweli. Lakini jana Chiriku alinifanyia alama ya giza, kiganja kikishuka usoni, akairudia na kuirudia. Nikawasha taa. Akaendelea kuifanya. Halafu akanionyesha nikae katikati, nikasogea. Akanionyesha tena, katikati, katikati, mpaka nikakasirika nikamwuliza anataka nikae mapajani mwake? Anasema naonekana kipande, pembeni nimekatwa. Mimi huku namwona mzima, mpaka mwenzake wa chumba anayekunja nguo nyuma yake. Sanduku linakata picha ikiwa inakwenda kwake?

Shangazi yako

2 Mei

Shikamoo Shangazi,

Nilisoma habari za jokofu nikacheka mpaka bosi akaja kuuliza. Shangazi wangu mpenzi, washa taa. Washa jokofu, nyama isioze. Kidude kinachukua kipimo chake kile kile hata ukiwasha nyumba nzima. Umeme si mtungi kwamba usiponywea huku unabaki mwingi kule. Na habari ya suti nimeisimulia ofisini; wamesema wakuajiri.

Kuhusu picha kukatwa pembeni na giza, hilo nalijua. Sanduku likiwa halijashiba vizuri linapunguza kinachopanda kutoka kwako. Picha inayokuja kwako inaweza kuwa safi wakati ile inayokwenda kwa Chiriku imefifia, imejaa kiza, imepotea kingo. Nimeona kwingi. Sababu nayo naijua, kuliko hata walioichora ramani. Ramani yetu inaonyesha waya wako umenyooka kutoka nguzoni. Kumbe waya wako unazunguka ukuta wa shule, unapita nyuma ya choo, ndipo unaingia kwako. Mimi na Chiriku tulikuwa tukining'iniza nguo za wanasesere juu yake. Ni mrefu maradufu. Kidude walichokupa ni cha ramani, si cha waya.

Nakutumia kidude kikubwa zaidi kwa dereva wa basi. Chomoa cha zamani, chomeka hiki, usizime taa. Mwambie Chiriku avumilie kidogo.

Mwanao

17 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Dereva alileta kidude chako kimefungwa kwenye gunia la vitunguu, chote kinanuka. Nimechomeka. Huku kwangu picha sasa ni safi kama sahani iliyooshwa. Namwona Chiriku mpaka kovu la nyusi, lile ulilomwachia kwa jiwe ukasema ni kunguru.

Lakini yeye bado. Nimemwambia maneno yako, kwamba sanduku lina njaa, avumilie. Alama ya sanduku hatukuwa nayo, tumeitunga: ngumi juu ya kidole, inafumbuka na kufumba kama mdomo. Aliipenda. Sasa kila akishindwa kuniona anafanya ile alama, sanduku linakula, na tunacheka wote wawili. Anasema hata kule kiwandani kwao kwa kufulia mashuka sanduku limekuja kula taa. Amejikwaa kwenye toroli la mashuka. Juzi mkono umegusa ile pasi yao kubwa, umevimba, akanionyesha bandeji. Nilimgombeza. Nilimwambia wewe una haraka tangu tumboni, na ni kweli, alizaliwa nikiwa bado napiga pindo.

Sasa anaishika simu karibu sana na uso, na mkono unabaki mmoja tu wa kusemea. Mkono mmoja ni nusu ya maneno. Namwambia iweke mbali, anasema ikiwa mbali mama anapotea. Angalia tena kwenye skrini yako, mwanangu. Majirani wanalisha, kidude ni kikubwa, kinachokosekana ni nini?

Shangazi yako

3 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Nisamehe kuchelewa, kazini tumebanwa. Mtoto hajambo. Mkwe wako alikuwa na homa, imekwisha.

Nimefungua rekodi za laini yako. Nitakueleza vizuri siku nyingine, kuna mambo bado nayafuatilia na mwenzangu. Kwa sasa nadhani ni simu ya Chiriku, ni ya zamani na kioo chake ni kidogo. Anunue kubwa. Mwambie hivyo.

Mwanao

20 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi mkwe wangu amepona.

Chiriku alinunua simu kubwa. Alinionyesha kwa furaha, akaigeuza huku na huku, na wakati anaigeuza aliniangalia begani, akasemea bega langu habari zote za simu. Sikumwambia. Niliona labda ni kamera. Unaona nami nimekuwa fundi, kila kitu najua ni mtambo gani.

Wiki iliyopita mwenzake wa chumba aliniandikia ujumbe, yule anayekunja nguo. Anasema aliona Chiriku anamimina chai pembeni ya kikombe, na alipomshika mkono Chiriku alilia, akaanza kumweleza kitu kirefu kwa mikono ambacho yeye hakukielewa. Akampeleka hospitali. Daktari anasema ni presha ya macho. Inakula macho kuanzia pembeni, polepole, haina maumivu, mtu anaanza kuona kama yumo ndani ya bomba. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Kingeweza kuzuiwa kwa dawa ya matone kama angekuja mwanzoni, alipoanza kulalamika. Daktari aliuliza alianza lini kulalamika. Kwa nani angelalamika pale? Alilalamika kwangu, nikamwambia ni sanduku.

Jicho la kulia limekwisha. La kushoto wanasema wanajaribu.

Nina swali moja na nataka jibu moja. Ulifungua rekodi za laini yangu. Zile jioni za Juni na Julai, nilipokuwa namwambia mwanangu avumilie, laini ilikuwa mbovu au ilikuwa nzima?

Shangazi yako

22 Oktoba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako, nikaikunja, nikaifungua. Pole sana. Mkwe wako analia tangu jana. Mjukuu wako anatembea sasa, anashika ukuta na kwenda, ungemwona.

Nimeuliza watu kuhusu macho. Kuna daktari mmoja hapa mjini anayesifiwa, nimeandika jina lake kwenye karatasi nyingine. Kuna miwani maalumu yenye kukuza picha. Kuna simu zinazotetemeka kwa namna mbalimbali, mtu anaweza kufundishwa. Nimeongea na kampuni kuhusu kubadilisha ule waya wa ukuta wa shule, wamekubali kuuweka kwenye mpango wa mwakani. Pia nimeomba mtaa wenu uongezewe uwezo wa picha, ili iwe kubwa na angavu zaidi upande wa Chiriku. Inaweza kumsaidia kwa hilo jicho lililobaki.

Nilitaka kusafiri kwenda kwake lakini ruhusa imekataliwa mpaka mwezi wa pili. Usikae peke yako. Mwite Mwalimu mnywe chai.

Mwanao

10 Novemba

Mwanangu,

Mwalimu amekuja, tumekunywa chai. Ametengeneza mguu wa meza bila kuambiwa. Kinyozi ameninyolea paka, ana chawa.

Hukujibu. Umeandika kurasa mbili zenye miwani na waya na mpango wa mwakani, na hukujibu neno moja nililouliza. Basi nimeshajibiwa, usijisumbue tena. Sina hasira nawe kuliko niliyo nayo juu yangu. Wewe umesomea nyaya, ukaona nyaya. Mimi nilimzaa, nikaona nyaya.

Jumapili alipiga. Picha ilikuwa nzuri mno, hata vinyweleo vya mkono nilivihesabu. Mwenzake alimwekea simu mezani, akamgusa bega kumwambia tayari, akatoka kwenda kazini. Chiriku alikuwa anatazama juu kidogo ya kichwa changu. La kushoto nalo limekwisha, mwanangu. Akaanza kusema. Alisema amekula. Alisema chumba kina joto. Aliuliza kama nyonga yangu imepona. Nikamjibu, nilijibu kwa mikono yote miwili, nilisimama bila fimbo nikijibu, na yeye akangoja. Akauliza tena. Akangoja. Akauliza nyonga mara nyingi sijui ngapi. Halafu akanyoosha mkono kunitafuta, akapapasa kioo, na katika kupapasa akabonyeza pa kukatia.

Nikampigia. Simu yake bila shaka ilimtetemekea kiganjani, na pa kupokelea hapaoni. Nimepiga mpaka usiku. Nafikiri aliendelea kusema. Nafikiri alisema mengi, na hakuna aliyekuwepo.

Nimechomoa kidude. Niliwaita majirani nikawaambia wachomoe nao, nimewaachia huru, nguo zao nitashona bila masharti. Hawakutaka kuchomoa. Kinyozi, yule yule, alisema tuache tu, mama, unajuaje. Nikawaambia sitaki kuona lile sanduku linakula wakati mwanangu amekwisha. Wakachomoa kwa ajili yangu. Simu hii ya mezani inapita sanduku hilo hilo, kwa hiyo nayo imekufa, usipige.

Mikono mingine inayojua maneno yake ni yako peke yako. Sisemi zaidi. Ruhusa yako iko mwezi wa pili, na ukienda ama usipokwenda wewe ni mtoto wangu.

Shangazi yako

4 Desemba

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa chumbani kwa Chiriku. Sikungoja ruhusa; wakitaka kazi yao waichukue. Nimesafiri siku tatu, nikavuka na mpaka mmoja. Chumba ni kidogo, vitanda viwili, kamba ya nguo, dirisha linaangalia ukuta. Amekonda. Hospitali hawajamwachia kusafiri, na karatasi zake zimeshikwa na mwajiri mpaka kesi ya ule mkono ulioungua iishe, wanasema huenda mwaka. Nimepigana nao, nitaendelea kupigana.

Nilipofika nilimshika mkono, nikamgusia ncha ya kidole cha kati, pale unapovaa kastabini ya kushonea, alama yako. Mama. Shangazi, alinishika kwa nguvu nikadhani atanivunja. Alinipapasa uso, masikio, akapata lile jino langu lililovunjika, akanijua. Akaanza kusema. Alisema na kusema, na mimi sikuelewa. Miaka yote hii mjini, nimebakiwa na maneno ya mtoto: njaa, lala, mbwa, njoo. Ananiuliza kitu kile kile kila siku, ngumi kifuani, kisha vidole viwili vinageuka, na mimi namshika tu mikono kama mjinga. Anaacha kwa sababu ananihurumia.

Usiku wa jana ndipo nilipopata akili, na nimejaa furaha, nisamehe kulitumia neno hilo. Mimi sina haja ya kujua maneno. Macho ninayo. Tukiweka simu mbele yetu, yeye atasema na wewe utamwona, maana mikono yake ni mizima. Wewe utajibu kwa mikono yako, mimi nitaitazama mikono yako na kuifanya ile ile ndani ya viganja vyake, kidole kwa kidole, hata nisipojua ninasema nini. Nimejaribu naye kwa maneno yangu manne, anayasoma viganjani bila shida. Mtasema kila kitu, Shangazi. Mimi nitakuwa waya tu.

Chomeka kidude. Waambie na majirani wachomeke, leo hii ukipata barua hii. Sanduku likilishwa linaamka lenyewe, huhitaji fundi. Jioni hii nimemkalisha kwenye kiti mbele ya simu, nimemfahamisha kwamba mama anakuja, na napiga. Amevaa gauni ulilomshonea la mistari. Tutakaa hivi kila jioni mpaka uchomeke.

Na swali lako. Laini ilikuwa nzima. Tangu siku ulipochomeka kile kidude kikubwa haikuwa na ubovu wowote, na niliona, na nikadhani ni upweke wako unaolalamika.

Mwanao

6 Desemba

Mwanangu Fundi,

Salamu za hapa ni njema. Sijapata barua yako tangu nilipokuandikia Novemba na sikulaumu. Nilikuandikia mambo mazito. Nyonga ni ile ile. Paka amehamia kwa Kinyozi. Mvua zimeanza, na nimewasha taa mchana ili nione sindano.

Nakuandikia kukupa habari za sanduku lako, kwa kuwa ni kazi yako na ungependa kujua. Jana walikuja vijana wa kampuni na ngazi. Walisema sanduku lisipolishwa kwa wiki kadhaa ofisini linahesabiwa kuwa limeachwa, na kuna mtaa mwingine unaolihitaji. Wana adabu, walinikuta mlangoni wakaniuliza kama nina neno, maana ramani yao inaonyesha mimi ndiye niliyelisha kuliko wote. Mwalimu alisema wangoje. Kinyozi aliishika ngazi yao, akakataa kuiachia, mpaka nikamwambia aiache. Nikawaambia sina neno. Wameshusha sanduku, wamekata waya wa shaba kutoka nguzoni mpaka ukuta wa shule, wameuzungusha wakaupakia garini. Nami niliwapa kile kidude kikubwa, nilikifuta vumbi kwanza. Kilikuwa bado kinanuka vitunguu.

Nguzo sasa ni tupu. Watu wanasema huenda wakaleta kitu kingine miaka ijayo, na mimi sina simu ninayoingojea, kwa hiyo usihangaike kunitafutia njia.

Mwezi wa pili ukipata ruhusa ukaenda, mchukulie Chiriku lile koti jepesi, nimelimaliza, liko kwa dereva wa basi. Mwambie mama yake yupo. Sijui utamwambiaje.

Ni mimi shangazi yako